Walionong'onezwa

Karatasi ilikuwa na kona iliyokunjwa, basi Kipaza akaimeza sauti yake.

Alikuwa ameshafungua kinywa, kifua kimejaa pumzi, na watu wa benchi la mbele wameshakunja nyuso kama kawaida yao, maana sauti ya Kipaza ikitoka haimwiti mtu mmoja. Huwaamsha wote, hata waliokuja kusindikiza tu. Lakini kidole gumba kilipopita juu ya karatasi kikakuta kona ya kulia imelala ndani, imebanwa kwa ukucha, kabla macho hayajafika kwenye jina la chumba. Akafunga kinywa. Akaishusha ile pumzi polepole, kama mtu anayetua ndoo kutoka kichwani.

Akainuka kwenye kigoda chake kando ya dirisha la malipo. Akapita katikati ya mabenchi akiburuza ndara, akipisha miguu ya watu, akisema samahani mwanangu, samahani baba, mpaka akamfikia msichana mmoja aliyekaa pembeni na mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Alikuwa msusi, jirani yake wa mlango kwa mlango. Kipaza akainama hadi kitambaa chake cha kichwani kikamgusa yule msichana shavu.

"Mjukuu wangu, ni wewe," akamnong'oneza. "Nenda dirishani taratibu tu, kama unayekwenda kunywa maji."

Msusi akamtazama kwa mshangao. Mwanamke huyu huyu kila asubuhi humpigia kelele kutoka upande wa pili wa ua kwamba jiko lake linatoa moshi.

"Mbona leo wanong'ona, Bibi?" akauliza kwa sauti yake ya kawaida. "Umelala na dirisha wazi?"

Ilikuwa ni mzaha, na mzaha wa msusi kwa kawaida haukosi wa kuucheka. Siku ile benchi halikucheka. Mwanamke aliyekaa karibu naye akakusanya nguo yake, akaisogeza upande wa pili wa paja. Huyo alikuwa Mama Ndoo, anayeuza maji kwenye bomba la mtaa wao, amekuja kuonyesha magoti.

Dirishani keshia aliikunjua ile karatasi akasoma: kufungwa kidonda cha moto, mkono wa kushoto. Kipaza akasikia. Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri. Kweli, ilitoka chumba cha vidonda, wala si chumba cha mwisho. Sasa nani aliyekunja kona? Akamtazama msusi aliyesimama akingoja risiti, na jibu likawa mbele yake. Vidole vya mkono mzima vilikuwa vimeshaikamata risiti ile mpya na vinaikunja. Vinakunja, vinabana, vinakunja tena. Vidole vya msusi havijui kupumzika. Ukivipa nywele vitasuka, ukivipa karatasi vitaikunja, ukivinyima vyote vitasuka pindo la gauni.

Kipaza akacheka ndani kwa ndani. Akaona ni kosa dogo, kosa lisilo na mwenyewe. Afadhali kumnong'oneza mzima kuliko kumpigia kelele mgonjwa. Akarudi kwenye kigoda chake, akamwita mtu wa ngiri kwa sauti iliyofika hadi getini.

Jina la Kipaza alipewa na wagonjwa, naye akalizoea hata akaitikia. Aliletwa hospitalini zamani kuwa mfagiaji. Siku moja umeme ulikatika, kile chombo cha kuitia watu kikafa, keshia akawa anaita mpaka koo limemkauka wala hakuna anayesikia. Kipaza akaegemeza fagio ukutani akaita mara moja tu. Watu watatu waliitika, na mmoja wao hakuwa hata na jina lile. Tangu siku hiyo fagio likapata mwingine, yeye akapata kigoda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa akitoka kwa daktari au kwa nesi hupewa karatasi ya malipo, naye huja kuitumbukiza ndani ya kisanduku cha mbao dirishani. Kipaza huzitoa moja moja kwa zamu zake na kuita: jina la mtu, jina la baba yake, na chumba alichotoka, ili majina yakifanana watu wasigongane. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyoita. Chumba cha macho. Chumba cha meno. Chumba cha vidonda. Na chumba cha mwisho.

Chumba cha mwisho kilikuwa mwisho wa korido kweli, baada ya stoo ya shuka, na mlango wake haukuwa na maandishi yoyote. Waliokwenda huko ni wale wanaomeza dawa ya kila siku, leo na kesho na mpaka siku ya kufa, kwa ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kuinua nyusi. Dawa yenyewe ilikuwa ya bure. Lakini vipimo vya ini na vya figo vililipiwa dirishani kama vya watu wengine, na hapo ndipo mtu alipolazimika kutoka gizani kuja mwangani.

Basi siku moja aliita jina la fundi viatu mmoja wa mtaani kwao. Alimwita vizuri, kwa heshima, jina lake na la baba yake, akamalizia: chumba cha mwisho, njoo ulipie. Vichwa vikageuka kama shamba la majani upepo ukipita. Fundi viatu alikuwa amekaa katikati yao. Hakuinuka. Akakaa kidogo akitazama dari, kisha akaokota kofia yake akatoka getini kama mtu ambaye hakuitwa. Hakurudi mpaka mvua zilipokwisha, na hakurudi kwa miguu yake. Aliletwa juu ya toroli, mwepesi kiasi kwamba mchukuzi mmoja alimbeba mikononi bila kubadilisha pumzi.

Alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Hakuwahi kumlaumu Kipaza. Akarudi mtaani, ambako mkewe na majirani walijua tu kwamba aliumwa, akakaa mahali pake karibu na bomba la maji, na Kipaza akipita humsalimu, "Shikamoo, Bi Mkubwa," wala hamtazami usoni.

Ndipo Kipaza alipokwenda kwa nesi wa chumba cha mwisho, mwanamke mrefu anayeinamisha kichwa kila mlango. Hawakuzungumza sana. Walikubaliana kwamba nesi, kabla ya kumpa mgonjwa wake karatasi, ataikunja kona ya kulia na kuibana kwa ukucha. Kipaza, ambaye kinywa chake hutangulia macho, akiikuta kona hiyo kwa kidole hataita. Atainuka, atamfuata mtu alipokaa, atamwambia sikioni. Hawakumwambia keshia wala mkubwa yeyote. Ilikuwa siri ya wanawake wawili, na miaka ikapita juu yake.

Lakini benchi la hospitali lina macho. Mtu aliyekaa juu yake tangu asubuhi ameshayasoma mabango yote ya ukutani, ameshajua kigae gani kimepasuka na feni ipi inalia, sasa anawasoma wenzake. Kipaza hakulifikiria hilo. Tenda wema nenda zako, ndivyo alivyolelewa, naye alikuwa anakwenda zake.

Ua wao ulikuwa na vyumba vinavyotazamana, na bomba lile la mtaa katikati. Msusi alifanyia kazi kwenye kibaraza chake mwenyewe. Alikuwa na kiti kilichokatwa miguu ili kichwa cha mteja kiwe usawa wa kifua chake, kioo chenye ufa uliozibwa kwa gundi, na birika juu ya jiko kwa ajili ya kuchovya ncha za rasta zikishasukwa, zisifumuke. Maji ya birika hilo ndiyo yaliyomuunguza mkono. Kwa kawaida hapakosekani mtu juu ya kiti, mwingine kwenye mkeka akingoja, na wa tatu amekuja kuongea tu. Kichwa cha Kipaza pia kilisukwa hapo. Msusi hakumtoza. Alisema mvi za Bibi ni mazoezi ya subira.

Mkono ulipopona wateja hawakurudi. Kwanza Kipaza alidhani hawajapata habari. Akawa kila akirudi kazini anatupa jicho kibarazani: kiti kitupu, mkeka umekunjwa, msusi anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kisha kukawa na harusi mtaa wa pili. Bibi harusi na wasindikizaji wake wote walikuwa wameshaweka miadi, na msusi ameshanunua nywele za bandia na kuzichambua, zimetundikwa mlangoni mafungu mafungu kama mikia ya farasi. Asubuhi ya kusukwa hawakuja. Walituma salamu kwamba wamepata mtu wa karibu zaidi, na huyo mtu wa karibu alikaa ng'ambo ya barabara kuu.

Jioni hiyo msusi alivuka ua akaja chumbani kwa Kipaza. Hakuketi. Alisimama mlangoni akiusuka ukingo wa pazia.

"Bibi, ulininong'oneza nini siku ile?"

Kipaza alikuwa anachambua mboga. Akamwambia alivyomwambia: nenda dirishani taratibu.

"Nauliza vibaya. Ulininong'oneza kwa nini?"

Kipaza akaweka kisu chini. Akamweleza kuhusu kona, bila kutaja nesi, bila kutaja mtu yeyote. Kwamba karatasi ya msusi ilikunjika, kwamba yeye akadhani, kwamba lilikuwa ni kosa tu. Aliposema "nikadhani" akaona uso wa msusi umebadilika, akatamani kulirudisha neno.

"Kumbe ni kweli," akasema msusi. "Mimi niliwabishia. Niliwaambia Bibi hana maana hiyo."

"Maana gani, mwanangu?"

"Hujui wanavyosema?" Msusi akacheka kidogo, bila furaha. "Mtu akiwa nao ule ugonjwa, mtaa huu hawasemi anaumwa. Wanasema kanong'onezwa. Fulani usiazime kitana chake, kanong'onezwa. Yule mchumba wako umemchunguza? Isije ikawa kanong'onezwa. Watoto wanaimba wakiruka kamba. Bibi, hilo neno ni lako wewe. Wewe ndiye umelizaa."

Sufuria jikoni ilikuwa inachemka. Kipaza aliisikia ikifurika na hakuinuka kuifunua. Watu wakamjia mmoja mmoja: mwalimu mwenye mwavuli, mama wa pacha, yule kijana wa ulinzi aliyekuwa akivua kofia kila akiinamiwa. Wote amewainamia. Wote amewagusa shavu kwa kitambaa chake, mbele ya benchi zima.

Msusi alimwambia ameshakwenda kupima. Kapewa karatasi yenye muhuri, hana kitu. Akampelekea Mama Ndoo aisome, kwa kuwa mdomo uliotoa habari ndio unaoweza kuirudisha. Mama Ndoo kaisoma mbele na nyuma, akamrudishia. Karatasi ni karatasi, akasema. Lakini Kipaza hakosei.

"Waambie wewe," akasema msusi. "Wewe hawakubishii. Waambie tu kwamba mimi simo."

Kipaza akasema atalifikiria. Msusi akamtazama kama mtu aliyeomba maji akaambiwa kisima kitachimbwa.

Kesho yake, kabla mabenchi hayajajaa, alimfuata nesi mrefu stoo ya shuka. Alimweleza yote, na neno lile pia. Nesi aliketi juu ya furushi la shuka, magoti yakamfika kidevuni.

"Ukisema huyu hamo," akasema baadaye, "umesema wengine wote wamo."

"Najua."

"Ninao watu huko ndani waume zao hawajui. Wake zao hawajui. Leo wanaweza kukana, wakasema yule bibi ananong'ona tu, ni mzee. Ukisimama ukasema kunong'ona kwangu kuna maana yake ila kwa huyu nilikosea, umewazibia mlango."

"Na huyu mtoto?"

Nesi akashika ncha ya shuka akaikunja, akaikunjua, akaona anachokifanya akaiacha.

Kipaza alirudi kwenye kigoda chake akiwa na akili moja tu, na kwa kuwa ilikuwa moja akaikumbatia. Kama kunong'onezwa ni kwa wachache, basi na wanong'onezwe wote. Siku ile hakupaza sauti hata mara moja. Kila karatasi aliyoitoa aliinuka nayo, akapita katikati ya miguu, akauliza kwa upole nani ni fulani, akainama. Mwenye jino aliinamiwa. Mwenye macho aliinamiwa. Mtoto wa surua aliinamiwa yeye na mama yake.

Mwanzoni watu walicheka. "Leo tumekwisha sote," akasema mzee mmoja, na benchi likatikisika. Kisha likaacha kutikisika. Foleni ilijikunja mara mbili na kutoka nje juani. Bibi mmoja kiziwi aliambiwa sikioni, akajibu kwa kelele, "Sema kwa nguvu, mimi sina siri!" Mtu wa ngiri alipoona Kipaza anakuja akasimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono mbele.

"Usinisogelee. Niite kutoka huko huko. Taja na ugonjwa wenyewe watu wasikie. Ngiri! Mimi nina ngiri!"

Mwanamke mmoja kijana aliyeinamiwa kwa ajili ya kipimo cha mimba alilia palepale, na mume wake aliyekuwa pembeni akamuuliza umeambiwa nini. Hakuambiwa ila nenda dirishani. Akawa anasema hivyo hivyo, nenda dirishani, nenda dirishani, na mume akawa haamini.

Kabla ya adhuhuri katibu wa hospitali alishuka kutoka ghorofani. Hakuwa mtu mkali. Alimwambia mama, umechoka, umetumikia sana, tutakutafutia mahali pa kukaa. Mahali penyewe palikuwa dobi, kwenye shuka. Wiki hiyo hiyo wakaleta chombo kipya cha kuitia, chenye sauti ya mwanamke asiyekohoa. Kinataja jina la mtu, jina la baba yake, na chumba alichotoka, kila neno likiwa limenyooka. Hakioni kona. Kipaza alikisikia akiwa anakamua shuka, sauti inapita juu ya ukuta, safi kabisa: chumba cha mwisho, chumba cha mwisho. Na baada ya siku kadhaa akawa anasikia vyumba vingine vyote, hicho hakisikii. Nesi mrefu alipokuja kuchukua shuka akamwambia makopo ya dawa yamejaa kabatini, yana majina juu yake, hayana watu.

Msusi alingoja. Alidhani Bibi bado anafikiria, na kweli alikuwa anafikiria, usiku na mchana, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya nyumba ambayo haikuwa na sindano. Mwisho msusi akachoka. Asubuhi ya Jumapili, bomba likiwa na watu wake, ndoo zimepangwa foleni, alivuka ua akasimama mbele ya Kipaza aliyekuja kuchota.

Mama Ndoo alikuwa ameshika koki. Fundi viatu alikuwa mahali pake, juu ya kigogo, kiatu cha mtoto magotini, sindano mkononi.

"Bibi," akasema msusi. Hakupaza sauti. "Hawa hapa. Wapo wote. Waambie."

Mama Ndoo akafunga koki. Maji yakakoma. Tone la mwisho likaanguka ndani ya ndoo.

Kipaza akajaribu njia ya pembeni. Akasema kunong'ona kwake hakuna maana yoyote, watu wazima wasijisumbue na michezo ya watoto. Kwamba koo lake humuuma baadhi ya siku, ndipo anashusha sauti.

"Koo gani hilo," akasema Mama Ndoo, "linalouma ukifika kwa watu wa chumba cha mwisho tu?"

Wakacheka, lakini kidogo. Mama Ndoo hakucheka. Hakuwa mwanamke mbaya, na Kipaza alilijua hilo. Alikuwa na binti anayesukwa, na hofu ya mzazi kwa binti ni kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

"Tusizunguke, Bibi. Hatutaki habari za watu wengine. Tuambie moja. Huyu yumo au hamo?"

Hamo. Neno dogo, mtoto wa miaka miwili analiweza. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kipaza akainua macho ili aliseme vizuri, na pale mbele yake, nyuma ya bega la Mama Ndoo, akaiona sindano ya fundi viatu. Ilikuwa imesimama hewani, uzi umening'inia. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anakitazama kile kiatu cha mtoto kama kitabu ambacho hajui kukisoma. Mke wake alikuwa wa tatu kwenye foleni, na ndoo ya bluu.

Kama huyu hamo, ni nani aliyemo?

"Mimi ya hospitali huyaacha hospitali," akasema Kipaza.

Mama Ndoo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyepewa jibu kamili.

"Haya. Tumesikia."

Akafungua koki. Maji yakaanza tena. Sindano ya fundi viatu ikashuka, ikaingia kwenye ngozi, ikatokea upande wa pili.

Msusi akarudi kibarazani kwake. Siku zilizofuata aliuza kioo, akauza birika. Zile nywele za bandia za harusi hakuna aliyezitaka. Alisema anakwenda kwa dada yake, mahali ambapo hakuna anayemjua, ingawa dada mwenyewe alikuwa na jirani aliyetoka mtaa huu. Siku ya mwisho kilibaki kile kiti cha miguu mifupi, na mkokoteni wa kukichukua ulikuwa haujafika.

Kipaza akatoka chumbani kwake. Alikuwa amefumua nywele mwenyewe, mvi zimesimama pande zote. Akavuka ua, akapita mbele ya foleni ya maji, akaketi juu ya kiti. Magoti yake yakapanda juu. Foleni yote ikaona.

Msusi akatafuta kitana ndani ya mzigo uliokwisha kufungwa, akaufungua, akasimama nyuma yake.

Alisuka mistari ya kwenda nyuma, myembamba, kama zamani. Kovu la mkono wa kushoto lilikuwa limevuta ngozi na kile kidole cha mwisho hakikunyooka sawasawa, lakini mstari haukupinda. Hakuvuta kwa hasira. Kipaza alitamani avute kwa hasira. Aliona Mama Ndoo akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Aliona mke wa fundi viatu akigeuka kutazama, na ndoo yake ya bluu. Akataka kusema neno kwa msusi, moja tu, na kila alilolitoa chini akaliona ni kubwa kwa ua ule au dogo kwa mtoto yule. Akalimeza. Alikuwa amezoea kumeza.

Mstari wa mwisho ulipokwisha msusi aliubana ncha kwa kucha. Akapangusa mabega ya Kipaza kwa kiganja, nywele zilizokatika zikaanguka. Kisha akazunguka, akaja mbele, upande unaotazama bomba, mahali ambapo kila mtu anaona. Akainama. Akaweka mkono nyuma ya shingo ya yule bibi, akamsogezea kinywa sikioni, karibu kabisa, hata shavu likagusa shavu.

Hakusema neno. Ilikuwa pumzi tu, ya moto, ndefu, kama mvuke wa birika.

Kisha akasimama wima, akaweka kitana mfukoni, akaenda kutazama kama mkokoteni umefika.

Kipaza alibaki juu ya kiti kifupi, mikono magotini, sikio lina joto. Bomba lilikuwa wazi. Ndoo ya bluu ilijaa, ikafurika, maji yakatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya wanawake, na hakuna aliyeinama kufunga koki.